Nusu ya Pili ya Yubile: Maneno ya Katibu kwa Wanakwaya na Ushirika

  

 Sisi wa ofisi ya kwaya tumepewa nafasi ya kusema jambo moja kuhusu yubile. Historia ya kwaya yetu imeandikwa mahali pake katika kijitabu hiki, kwa hiyo hatutairudia. Tunataka tuulize swali: tunaposema kwaya imetimiza yubile, tumetimiza nini hasa?

Neno lenyewe tumelitoa katika Mambo ya Walawi, sura ya 25. Mungu aliwaagiza Waisraeli wahesabu miaka saba mara saba, kisha mwaka wa 50 wapige baragumu nchi nzima. Mwaka huo ulikuwa na mambo mawili. La kwanza, aliyekuwa mtumwa aliachiliwa. La pili, kila mtu alirudi kwenye shamba la baba zake na kwa jamaa yake. Wahubiri wengi hukazia lile la kwanza, na ni haki. Lakini yubile ya Biblia haikukamilika kwa kukata kamba mikononi. Ilikamilika mtu alipobisha hodi kwao na watu wa nyumbani wakamtambua.

Leo tunataka kuwaeleza habari za watu wa nchi yetu hii waliopewa nusu ya kwanza ya yubile, na ile nusu ya pili wakalazimika kuitafuta wenyewe.

Ukiwa Mombasa, ukavuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani, baada ya muda mfupi utafika njia panda inayoitwa Kengeleni. Abiria hushuka hapo kila siku, wengine bila kujiuliza jina limetoka wapi. Limetoka kwenye kengele, na kengele hiyo ingali hapo. Kwa masimulizi yanayotunzwa mahali hapo, iliwekwa ili iwaonye wanakijiji kila wateka watumwa walipokaribia. Kijiji kilichoonywa na kengele hiyo kinaitwa Frere Town.

Kilipatikana hivi. Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kumsihi Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alikataa kwanza, kisha mwezi wa Juni mwaka 1873 akatia sahihi mkataba. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Biashara haikufa siku hiyo. Majahazi yaliendelea kusafiri usiku yakiwa yamejaa watu, na manowari za Kiingereza zikawa zinayafukuza na kuyakamata.

Hapo likazuka swali zito. Watu waliotolewa ndani ya majahazi wapelekwe wapi? Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na makabila mengine ya kusini na bara. Walikuwa wametembezwa kwa miguu wiki na miezi hadi pwani. Wengine walitekwa wangali watoto, na hawakuweza kutaja kijiji chao wala njia ya kurudia. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo, "Uko huru, nenda nyumbani," umemwambia nini?

Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wengi wa waliookolewa walipelekwa India. Huko, karibu na mji wa Nasik, mmisionari William Salter Price wa chama cha CMS alisimamia makao ambamo vijana wa Kiafrika walifundishwa kusoma, kazi za mikono na imani ya Kikristo. Watu wakawaita Waafrika wa Bombay. Mwaka 1874 Price alitumwa Mombasa. Akapata shamba upande wa Kisauni, na kuanzia mwaka 1875 waliookolewa wakawa wanateremshwa hapo kutoka kwenye manowari. Kijiji kikapewa jina la Frere.

Lakini ndugu zetu, tusidhani kwamba kazi ile ilikuwa ya Wazungu peke yao. Waafrika wa Bombay ndio waliokuwa walimu, mafundi, wakalimani na wahubiri. William Jones na George David walikuwa wamefika Rabai tangu mwaka 1864, miaka 10 kabla ya Frere Town kuwapo. Ishmael Semler naye alifanya kazi nao. Hawa walikuwa wameonja utumwa wenyewe. Mtoto aliyeshuka kwenye manowari akitetemeka, asiyejua lugha ya mtu yeyote pale, alipokelewa na mtu aliyewahi kutetemeka vivyo hivyo. Hilo lina uzito kuliko mahubiri mengi.

Maisha ya pale hayakuwa ya peponi. Amri zilikuwa kali. Kulikuwa na wakati ambapo watu walichapwa viboko na wasimamizi wa misheni, hata lawama zikafika London. Nje ya kijiji, wenye watumwa wa Mombasa walikasirika kwa sababu watoro walikimbilia Frere Town na Rabai kuomba hifadhi, na sheria ya siku hizo bado ilimruhusu mwenye mtumwa kumdai mtu wake. Huko Rabai, ambako Jones alikuwa kiongozi, watoro waliongezeka hadi wakawa zaidi ya 1,400. Jambo lile nusura lilete vita. Hatimaye Kampuni ya Imperial British East Africa ikakubali kuwalipa wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu wale wakapewa hati zao za uhuru. Hebu fikirini Mwaka Mpya wa namna hiyo: watu zaidi ya elfu moja wanaitwa kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja anapokea karatasi inayosema kwamba yeye si mali ya mtu. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907.

Sasa huenda mtu wa Bungoma anajiuliza, "Haya ya Mombasa yanatuhusu nini sisi wa huku juu?" Yanatuhusu, kwa maana mmoja wa watu hao alifika mlangoni petu.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler. Mwaka huohuo akaanza safari ya kwenda Uganda kwa njia mpya iliyopita Umasaini, na Jones akafuatana naye. Mwezi wa Oktoba msafara ulifika Kwa Sundu. Kwa Sundu ndipo hapa tunapopaita Mumias, mahali ambapo ninyi wa Bungoma mnaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Askofu akachukua wapagazi 50 akaendelea mbele, na Jones akabaki Kwa Sundu na watu wengine wote akimngojea. Hannington aliuawa Busoga mwishoni mwa Oktoba, kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu watu wake wote wakauawa pamoja naye. Waliopona walikuwa wachache sana. Habari zilimfikia Jones katika nchi hii ya Waluhya, akiwa na watu wengi wa kulisha na safari ndefu ya kurudi.

Aliwarudisha hadi pwani. Mwanzoni mwa mwaka 1886 waliingia Rabai, na mbele ya msafara ilibebwa bendera ya buluu yenye neno moja lililoshonwa kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wanaosoma Biblia wanajua kwamba neno hilo linatoka katika Samweli wa Kwanza sura ya 4, na kwamba ni neno la msiba, la utukufu kuondoka. Tafakarini kidogo. Mtu aliyeuzwa utotoni, asiye na kijiji cha kurudi, alipopatwa na msiba mkubwa alipata neno la kuusema. Neno hilo halikuwa la kabila lake. Alilipata katika Kitabu, na watu waliosimama Rabai kumpokea wakalielewa bila kuelezwa. Siku hiyo Rabai ilikuwa kwao.

Ndivyo watu wa Frere Town na Rabai walivyoitafuta nusu ya pili ya yubile. Walikosa jamaa wa damu, wakafanya ushirika kuwa jamaa. Walikuwa na lugha nyingi zisizoelewana, wakashika Kiswahili, wakakisali, wakakiimba, wakakifundishia watoto. Na kutoka kwao Injili ilisonga bara. Shule ya kufundishia wahubiri iliyokuwa Frere Town ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo tunaijua kama Chuo Kikuu cha St Paul's. Wachungaji wengi wanaosimama katika mimbari za Kenya wamepita hapo. Mti huo shina lake ni kijiji cha watu walioshushwa kutoka majahazini.

Na habari zao zingepotea kama si mmoja wa watoto wao. James Mbotela, mtoto wa mtu aliyekombolewa, alizishika simulizi alizosikia kwa wazazi akaziandika kwa Kiswahili katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Wazee wengi wa hapa walikisoma shuleni. Mbotela hakungoja mgeni aje kuandika habari za nyumbani kwao.

Kuna jambo moja ambalo kalamu peke yake haiwezi, na kwa hilo tunaomba mvuke nasi upande wa pili wa Afrika, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Tutarudi Kitale, msiwe na wasiwasi.

Katika pwani ya majimbo ya South Carolina na Georgia, huko Marekani, kuna watu wanaoitwa Gullah, na upande wa Georgia huitwa pia Geechee. Mababu zao walitekwa Afrika ya Magharibi, wengi kutoka nchi za wakulima wa mpunga kama Sierra Leone, wakapelekwa kulima mpunga na pamba katika visiwa na vinamasi vya pwani ile. Kwa sababu visiwa havikuwa na madaraja, na wenye mashamba waliogopa malaria wakakaa mbali sehemu ya mwaka, watu wale waliishi wenyewe kwa wenyewe kuliko watumwa wa mahali pengine. Wakaunda lugha yao, Kiingereza kilichochanganyika na maneno ya Kiafrika. Wakasuka vikapu kama vya kwao. Wakajenga vijumba vya mbao vya kusalia, na ndani yake wakaimba kwa kuitikiana, wakizunguka kwa duara, wakipiga makofi na kukanyaga sakafu kwa zamu, maana ngoma walinyimwa. Nani kati yetu aliyekulia Bungoma hajui kuimba kwa kutoa na kuitikia? Mwimbishaji akitoa, umati ukipokea, hata aliyechoka hupata nguvu za kupanda mlima.

Ndugu zetu hao wamelitafsiri Agano Jipya katika lugha yao ya Gullah, na likachapishwa mwaka 2005, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20. Lugha iliyochekwa kwamba ni Kiingereza kibovu, leo inasoma Injili ya Luka mbele ya madhabahu.

Lakini tulilotaka kuwaeleza hasa ni wimbo mmoja. Miaka ya 1930, msomi mweusi wa Marekani, Lorenzo Dow Turner, alipita katika vijiji vya Gullah na mashine yake nzito ya kunasa sauti. Katika kijiji cha Harris Neck, Georgia, mama mmoja aitwaye Amelia Dawley alimwimbia wimbo ambao maneno yake hakuyaelewa. Alifundishwa na waliomlea, nao walifundishwa na waliowatangulia. Turner alikuja kutambua kwamba maneno yale ni ya Kimende, lugha ya Sierra Leone. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwatoa watu wa Harris Neck katika ardhi yao ili kujenga uwanja wa ndege za kijeshi. Nyumba zilibomolewa, lakini wimbo haukubomolewa, kwa sababu Amelia alikuwa amekwisha kumwimbia binti yake, Mary Moran.

Mwaka 1990 watafiti walizunguka vijiji vya Sierra Leone wakiwachezea watu sauti ile ya zamani. Katika kijiji cha Senehun Ngola, mama aitwaye Baindu Jabati akaanza kuimba pamoja na kinasa sauti. Aliujua. Alifundishwa na bibi yake. Ulikuwa wimbo wa mazishi, ulioimbwa na wanawake kaburini. Baindu alisimulia kwamba bibi yake alimwonya autunze, kwa maana siku moja utamsaidia kuwatambua jamaa waliopotea. Mwaka 1997 Mary Moran, akiwa mama mzee, alisafiri hadi kijiji kile pamoja na jamaa zake. Wimbo uliopita katika vinywa vya akina mama kwa miaka zaidi ya 150, bila kuandikwa, na hatimaye bila hata kueleweka, ndio uliomfungulia mlango.

Hiyo, wapendwa, ni nusu ya pili ya yubile. Mtu amebisha hodi kwao na akatambuliwa, na alichobeba mkononi ni wimbo.

Sasa tumerudi Kitale.

Kwaya hii haikuanzishwa na watumwa, na hatutajifananisha na mateso ambayo hatukuyapitia. Lakini ilianzishwa na watu waliohama. Baada ya Uhuru, mashamba makubwa ya walowezi hapa Trans Nzoia yalipoanza kugawanywa na kuuzwa, jamaa zetu wengi walitoka Bungoma wakaja kutafuta ekari za kulima mahindi. Ndugu mmoja alikuja, mwingine akabaki kutunza boma la baba. Ndiyo maana kwaya yetu tangu mwanzo imekuwa na miguu miwili, mmoja Kitale na mmoja Bungoma. Wengine waliokuwapo hapa walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba hayohayo, wasiokuwa na ekari yoyote wakati huo wala leo. Baadaye, kati ya mwaka 2006 na 2008, vita vya ardhi vya Mlima Elgon vilipowatoa watu Cheptais na Kopsiro, na vurugu za baada ya uchaguzi zilipofuata, tuliwapokea wenzetu Wasabaot na wengineo waliofika wakiwa na blanketi na watoto tu. Wengine walirudi makwao. Wengine wamesimama hapa mbele leo, katika safu ya tena na besi.

Kila mmoja wa hawa alikuja na wimbo. Wengine walikuja nao bila kujua kwamba wanao.

Na hapa ndipo tunapotaka kusema waziwazi, kwa heshima. Waanzilishi wa kwaya walio hai wamebaki wanne. Wawili kati yao hawawezi tena kusimama ibada nzima, na tumewawekea viti. Kuna wimbo wa Kibukusu ambao kwaya hii huimba tunapomsindikiza marehemu kutoka nyumbani hadi kaburini. Wengi wenu mmelia nao. Mwezi wa nne tulipomzika mmoja wa akina kukhu wetu, waliojua ubeti wa tatu walikuwa mama wawili tu, na sauti zao zilikuwa zimechoka. Waliobaki walivuma kwa midomo iliyofungwa mpaka kiitikio kiliporudi. Wimbo huo haumo katika kitabu chochote cha nyimbo. Haumo katika daftari la kwaya. Haumo katika simu ya kijana yeyote. Umo vifuani mwa mama wawili.

Amelia Dawley alikuwa mmoja, na aliyepokea kwake alikuwa mmoja. Angeamua kwamba watoto wa siku hizi hawataki mambo ya zamani, Baindu angekuwa anaimba peke yake hadi leo.

Tunajua kuna maoni mawili katika kwaya, na hatutayafunika. Wapo wanaosema kwamba nyimbo za lugha za mama zitatugawanya, kwa kuwa ushirika wetu una Wabukusu, Wasabaot, Waturkana, Wakikuyu, Wajaluo na wengine, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Hofu hiyo si ya bure. Tumeona katika kaunti hii lugha ikitumiwa kumtambua jirani ili afukuzwe. Watu wa Frere Town wangewaunga mkono kabisa, maana Kiswahili kilikuwa paa walilojikinga chini yake. Wapo pia wanaosema kwamba tukiimba Kiswahili na Kiingereza tu, pamoja na muziki wa kinanda ulionaswa tayari, watoto wetu watakuwa wageni katika mazishi ya bibi zao. Nao wamesema kweli.

Kamati zetu mbili zilikaa pamoja mwezi uliopita, Kitale na Bungoma, tukaona kwamba si lazima tuchague. Lugha hugawanya pale anayeimba anapomfungia mwenzake nje. Mwenzako akikufundisha wimbo wa mama yake, akakueleza kila neno, na wewe ukauimba naye siku ya msiba wake, amekukaribisha jikoni. Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu, na tunaomba ushirika wote utuunge mkono.

La kwanza, kila nyumba ilete wimbo mmoja wa imani au wa faraja iliourithi, kwa lugha yoyote. Mtuambie nani aliwafundisha, na huimbwa wakati gani: arusi, mavuno, kilio, au usiku wa maombi. Tunawaomba hasa ninyi mnaodhani hamna kitu. Mama wa kibarua aliyeimba akipalilia mahindi ya mtu mwingine alikuwa na wimbo, na kwaya hii inauhitaji.

La pili, nyimbo hizo ziandikwe. Maneno yaandikwe kwa lugha yake, maana yake kwa Kiswahili, na sauti zote nne kwa solfa. Kutakuwa na madaftari mawili yanayofanana, moja litunzwe Kitale na lingine Bungoma, ili moto au mvua ya mahali pamoja isiyaangamize yote. Vijana wenye simu nzuri watanasa sauti za wazee, nyumbani kwao, kwa ruhusa yao, bila kuwachosha.

La tatu, na ndilo kubwa, nyimbo zifundishwe. Daftari lililofungiwa kabatini halimzalii mtoto wimbo. Kila Jumamosi, nusu saa ya kwanza ya mazoezi itakuwa ya wazee. Watoto wa Shule ya Jumapili watakaa mbele. Hatutaanza na wimbo mwepesi. Tutaanza na ule wa mazishi, ubeti wa tatu, Jumamosi ijayo saa nane mchana, na wale mama wawili wamekubali kutufundisha. Tumewaahidi kuwafuata kwa pikipiki mpaka mlangoni na kuwarudisha kabla giza halijaingia.

Tunawaomba vijana wetu jambo moja zaidi. Msiwaone wazee kama watu waliochelewa. Kinanda chenu tunakipenda, na bila ninyi tusingekuwa na vipaza sauti hivi vinavyotuwezesha kusikika mpaka barabarani. Lakini jifunzeni wimbo wa mzee kabla hamjaupamba. Ukishaujua kwa moyo, upambe utakavyo. Hivyo ndivyo na wao walivyofanya na nyimbo za wamisionari walipozipokea: walizishika, kisha wakazitia mabega na makofi ya Bungoma.

Na kwenu wazee wetu, akina kukhu na akina kuka, tunawaomba msituhurumie. Msiseme, "Hawa watoto wana shughuli, acha tu." Tuiteni. Tusahihisheni tukikosea. Mkikumbuka ubeti usiku wa manane, mwamsheni mjukuu aliye karibu auandike.

Zaburi ya 137 inatuonyesha mateka waliokaa kando ya mito ya Babeli, wakiuliza wataimbaje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Watu wa Frere Town walijibu swali hilo kwa Kiswahili. Watu wa Gullah walilijibu kwa makofi na kwa duara. Sisi wa Kitale na Bungoma, tuliopewa miaka 50 ya neema, tuna deni la kulijibu kwa namna yetu, wangali hai wanaojua maneno.

Bwana aliyetulinda miaka hii 50 awatie nguvu wazee wetu, awape vijana masikio ya kupokea, na awape watoto vinywa vya kuimba yale ambayo sisi hatutakuwapo kuyasikia.  Wazee wa jikoni wametuashiria kwamba chakula kiko tayari. Tuombe pamoja, kisha tule kama jamaa moja.